Gari limekuwa gumu baada ya kufungwa springi fupi: litarekebishwaje bila kupoteza uwezo wake kwenye kona?

Swali: "Nina sedani ya familia inayovutwa na magurudumu ya mbele. Nimeifunga springi fupi zilizoishusha kwa milimita 40, ambazo mtengenezaji anasema ni ngumu kuliko za kiwandani kwa asilimia 30. Nimeongeza stabilaiza nene ya nyuma (fimbo ya chuma inayounganisha magurudumu mawili ya ekseli moja ili bodi isilale kwenye kona), na nimetoa rimu za inchi 15 nikaweka za inchi 18. Shokapu ni zilezile za zamani. Kwenye lami nyororo gari linakata kona vizuri mno, lakini barabara ikiwa na viraka linadunda, upande wa mbele unagonga, na wanangu wanaokaa nyuma wanalalamika kwamba vichwa vinarushwa huku na huku. Je, nirudishe vyote, ninunue shokapu za kurekebishika, au niukubali ugumu huu kuwa ndiyo gharama ya gari linaloshika barabara?"

Jibu: Ndugu yangu, usirudishe vyote, na wala usiukubali ugumu huo. Springi ulizofunga si ngumu kiasi cha kulifanya gari lisikalike. Kinachowaumiza abiria wako ni mambo yaliyokuja pamoja nazo: gurudumu limepungukiwa nafasi ya kupanda, shokapu hazina tena nguvu ya kuituliza springi, na tairi limebaki na ubavu mwembamba. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, kwa sababu ukiielewa sababu utajua mwenyewe wapi fedha yako itumike na wapi isitumike.

Bodi ya gari ikikaa juu ya springi ina mwendo wake wa asili wa kupanda na kushuka. Magari mengi ya abiria yametengenezwa ili mwendo huo uwe kati ya mara 1 na mara 1.5 kwa sekunde. Magari ya barabarani yenye mwelekeo wa michezo huwa kati ya 1.5 na 2, na yale ya mashindano yanayobanwa chini na upepo huweza kupita 3. Ipo njia nyepesi ya kukadiria: chukua kimo ambacho uzito wa gari unaibonyeza springi, ukipime kwa sentimita pale gurudumu lilipo, kisha ugawe 5 kwa kipeuo cha pili cha kimo hicho. Gari linalobonyea sentimita 25 litakuwa na mwendo wa mara 1 kwa sekunde, linalobonyea sentimita 11 litakuwa na 1.5, na linalobonyea sentimita 6 na kidogo litafika 2. Kwa kuwa hesabu inapitia kipeuo cha pili, springi iliyoongezwa ugumu kwa asilimia 30 haiuongezi mwendo huo kwa asilimia 30, bali kwa takriban 14 tu. Ikiwa gari lako lilitoka kiwandani na mwendo wa mara 1.3 kwa sekunde, sasa lina karibu 1.5. Hapo bado liko ndani ya mipaka ya gari la kawaida.

Mwili wa binadamu nao una viwango vyake. Tukiwa tumeketi, mtikisiko wa juu na chini unaotusumbua zaidi ni ule wa mara 4 hadi 8 kwa sekunde, na viwango vya kimataifa vya kupima mitikisiko ya mwili mzima, ISO 2631, vinaupa eneo hilo uzito mkubwa. Springi yako inafanya kazi mbali na hapo. Kwa hiyo gari linapowaumiza watu, mara nyingi pametokea kitu kilichoipita springi na kuufikisha mshtuko moja kwa moja kwenye bodi, nacho ndicho cha kutafutwa.

Mtuhumiwa wa kwanza ni nafasi ya gurudumu kupanda. Kwenye fimbo ya shokapu kuna raba ya kikomo, ambayo kazi yake ni kulainisha mwisho wa safari ya gurudumu ili chuma kisigonge chuma. Raba hiyo nayo ni springi, tena springi ambayo ugumu wake unapanda kwa kasi kila inapozidi kubanwa. Gari likiwa na, tuseme, milimita 70 za kupanda kabla ya kuigusa raba, halafu likashushwa milimita 40, zinabaki 30. Abiria wawili wakikaa nyuma na mizigo ikiingia kwenye buti, hata hizo 30 zinaweza kuisha gari likiwa bado limesimama. Tangu hapo kila kiraka hakikutani na springi ya asilimia 30 zaidi, kinakutana na raba ambayo ni ngumu mara kadhaa. Kule kugonga unakokusikia mbele, kwa maelezo yako, kunafanana sana na hali hii.

Huna haja ya kukisia, kwani jambo hili linapimika. Pandisha gari kwa jeki, vua gurudumu, vuta juu kifuniko cha vumbi cha shokapu, uisafishe fimbo, kisha uifunge kwa ule mkanda mwembamba wa plastiki wa kubania nyaya, ukaze kiasi cha kuweza kuteleza ukisukumwa, na uusukume hadi ukalie kichwa cha shokapu. Rudisha gurudumu na uipitie ile barabara mbovu unayoipita kila siku, ukiwa na mzigo uleule wa kila siku. Ukirudi utauona mkanda umesukumwa juu na kuachwa pale mwendo ulipoishia. Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, pima umbali kutoka kichwa cha shokapu hadi ncha ya raba, kisha ulinganishe na pale mkanda ulipofika. Mkanda ukiwa umeingia ndani ya raba kwenye viraka vya kawaida, jua kwamba gari lako linaendeshwa juu ya raba, na hakuna shokapu duniani itakayolitibu tatizo hilo ikiwa utaacha kimo kilivyo.

Ushauri wangu katika hili hauna masharti mengi: lipandishe gari milimita 15 hadi 20 kutoka hapo lilipo. Springi fupi za kiasi zipo zinazoshusha milimita 20 hadi 25 tu, na kwa gari la familia sioni sababu ya kushuka zaidi ya hapo. Faida yake haiishii kwenye starehe. Gari lako likiwa na shokapu za mbele zilizosimama, za aina ya MacPherson (shokapu na springi zikiwa zimeungana kuwa nguzo moja) kama ilivyo kwa sedani nyingi za aina hii, kulishusha mno kunaifanya kontroli amu, yaani mkono wa chini unaounganisha gurudumu na bodi, ielekee juu upande wa gurudumu. Ikifika hapo, kitovu ambacho bodi inalalia kwenye kona kinashuka haraka kuliko kitovu cha uzito wa gari kinavyoshuka, na bodi inapata nguvu zaidi ya kulala. Mwenye gari anaona linalala, ananunua springi ngumu zaidi, na kumbe anapigana na tatizo alilolileta mwenyewe kwa kulishusha. Inama ulitazame gari lako kwa mbele: kontroli amu ikiwa sambamba na ardhi, au ikiwa inashuka kidogo kuelekea gurudumu, kimo kinafaa. Ikiwa inapanda kuelekea gurudumu, umeshuka kupita kiasi.

Usikubali fundi akuambie kwamba springi ndefu zinaweza kukatwa ili kupata kimo unachotaka. Springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi ikikatwa mmoja inakuwa ngumu kwa asilimia 20, mwisho wake haukai tena vizuri kwenye kikombe, na gurudumu likining'inia inaweza kuhama mahali pake. Hilo ni suala la usalama, na ningelikataza hata kama starehe ingeongezeka.

Sasa tuje kwenye shokapu, ambazo kwa maoni yangu ndizo zinazostahili sehemu kubwa ya fedha yako. Springi inabeba gari na kuhifadhi nguvu ya kishindo; shokapu ndiyo inayoigeuza nguvu hiyo kuwa joto ili bodi isiendelee kudunda. Springi ikiongezwa ugumu inarusha kwa nguvu zaidi inapofunguka, na shokapu iliyopangwa kwa springi laini haiwezi kuizuia. Kwa ongezeko lako la asilimia 30, shokapu inahitaji takriban asilimia 14 zaidi ya ukinzani ili uwiano ubaki ulivyokuwa kiwandani, na hapo tunazungumzia shokapu mpya. Zako ni za zamani, bila shaka zimeshapoteza sehemu ya nguvu zake, na springi fupi zinazifanya zifanye kazi kwenye sehemu ya silinda ambayo hazikuizoea. Kule kudunda baada ya kiraka, ambako gari linapanda na kushuka mara mbili au tatu kabla ya kutulia, ni dalili ya ukinzani mdogo, wala hakutokani na ugumu. Watu wengi wanazichanganya dalili hizi mbili, wanalegeza pale palipohitaji kukazwa na kukaza pale palipohitaji kulegezwa.

Ukinunua shokapu, usiulize tu kama ni "ngumu" au "laini", kwa sababu shokapu haina ugumu mmoja. Inazuia kwa kiasi tofauti inapobanwa na inapofunguka, na katika magari mengi nguvu ya kufunguka ni mara mbili hadi tatu ya nguvu ya kubanwa. Inazuia pia kwa kiasi tofauti kulingana na kasi ya pistoni ndani ya oili. Bodi inapolala kwenye kona au pua ya gari inapoinama kwa breki, pistoni inakwenda polepole, chini ya sehemu ya kumi ya mita kwa sekunde. Gurudumu linapopiga ukingo wa shimo, pistoni inakwenda kasi mara kumi ya hiyo au zaidi. Shokapu nzuri kwa mahitaji yako ni ile ambayo vali zake zinashika imara pistoni ikiwa polepole, halafu zinafunguka na kupitisha oili kwa wingi pistoni inapokimbia. Kwa shokapu ya namna hiyo gari linatulia kwenye kona na bado linalimeza shimo. Shokapu ya bei nafuu inayotangazwa kuwa ya michezo mara nyingi inakaza kila mahali, na ndiyo inayowafanya watu waamini kwamba uimara na starehe haviwezi kukaa pamoja.

Kwamba vinaweza kukaa pamoja kulidhihirika zamani. Colin Chapman wa Lotus alijulikana kwa magari mepesi yenye springi laini, magurudumu yenye nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, na shokapu zinazoushika mwendo huo barabara. Lotus Elan ya mwaka 1962 bado inasifiwa kwa mambo yote mawili, kukata kona na kupita kwa upole kwenye barabara mbovu. Sababu yake inaeleweka: tairi linashika barabara pale tu linapoigusa kwa uzito usiopandapanda na kushukashuka, na gurudumu linaloruka juu ya kiraka halina mshiko wowote, hata springi iwe ngumu kiasi gani. Kwenye barabara yenye viraka, gari lako la sasa linashika vibaya kuliko lilivyotoka kiwandani. Huenda hulihisi hilo kwa sababu usukani unajibu haraka, lakini jaribu kufunga breki kwa uangalifu mahali pasipo na magari, penye mawimbi madogo ya lami, nawe utaliona.

Shokapu za kurekebishika zina faida, ila tu uwe na subira ya kuzirekebisha. Anza na hatua laini kabisa. Pita njia ileile kwa mwendo uleule, kaza hatua mbili, upite tena. Ukifika mahali ambapo bodi inapanda mara moja na kutulia, simama hapo, hata kama bado kuna hatua nyingi zimebaki. Iko dalili moja ya kuichunga hasa: gari likipita vizuri kwenye tuta la kwanza, likawa gumu kwenye la pili, na likagonga kwenye la tatu, umekaza mno upande wa kufunguka. Springi haipati muda wa kunyooka kati ya tuta na tuta, gari linazama kidogo kidogo hadi kwenye raba, na dereva anadhani springi ni dhaifu.

Ukichukua shokapu zenye nyuzi kama za skrubu za kupandisha na kushusha kimo, usiamini kwamba kuzungusha ile ringi ya chini kunaikaza springi. Springi ya kawaida iliyo chini ya uzito wa gari ina ugumu uleule ringi ikiwa juu au chini. Unachobadilisha ni kimo cha gari pekee.

Matairi yako nayo yamechangia zaidi ya unavyodhani. Hukutaja saizi, lakini sedani ya rimu za inchi 15 mara nyingi hutoka na 195/65 (namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo), na mwenye kuweka rimu za inchi 18 kwenye gari kama hilo huangukia 225/40. Ubavu wa tairi la kwanza ni milimita 127, wa la pili ni 90. Milimita 37 za hewa na mpira zimeondoka, nazo zilikuwa ndizo zinazokutana na ukingo wa shimo kabla ya kitu kingine chochote. Zaidi ya hayo, rimu kubwa kwa kawaida ni nzito, na uzito ulio chini ya springi unampa kazi kila aliye juu yake, shokapu na abiria. Saizi ya 205/55 kwenye rimu ya inchi 16 ina ubavu wa milimita 113 na kipenyo kinachokaribia sana kile cha mwanzo. Kwa gari la familia ningekwenda huko bila kusita. Usishushe upepo chini ya kiwango ili kutafuta ulaini: tairi la ubavu mwembamba likiwa na upepo pungufu linavunjika kwa urahisi na kuharibu rimu. Fuata kibandiko cha mlangoni, na uhakikishe namba ya uwezo wa kubeba mzigo ya tairi jipya haiko chini ya ile ya kiwandani.

Kurushwa kwa vichwa vya wanao kuna chanzo kingine, nacho ni stabilaiza. Magurudumu mawili ya ekseli moja yakipanda kwa pamoja, stabilaiza inazunguka tu bila kuzuia. Likipanda moja, inalivuta na la pili, na bodi nzima inatupwa upande. Ugumu wake unakua kwa kipenyo kilichopandishwa kwenye kipeo cha nne: kutoka milimita 20 hadi 22, tofauti ambayo jicho haliioni kwa urahisi, ni ongezeko la asilimia 46. Kwenye gari linalovutwa na magurudumu ya mbele stabilaiza ya nyuma inasaidia pua kugeuka, kwa hiyo sikushauri uiondoe, lakini iweke kwenye tundu lililo laini kabisa kama ina matundu zaidi ya moja. Kama haina, tafuta iliyozidi ya kiwandani kwa milimita moja au mbili tu. Nyuma ikiwa ngumu kupita kiasi, gari linaweza kuchomoka mkia kwenye lami yenye maji, na dereva wa familia hapaswi kukutana na jambo hilo ghafla.

Ukibadilisha springi tena, nunua seti nzima ya mbele na nyuma iliyopangwa pamoja. Mhandisi Mwingereza Maurice Olley, aliyetoka Rolls-Royce na kuhamia Cadillac nchini Marekani mwaka 1930, alionyesha kwamba bodi inatulia zaidi ikiwa mwendo wa asili wa nyuma ni wa kasi kidogo kuliko wa mbele. Magurudumu ya mbele yanalipiga tuta kwanza. Kwa gari lenye mita 2.6 kati ya ekseli, likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, ya nyuma yanalipiga baada ya zaidi kidogo ya sehemu ya kumi ya sekunde. Nyuma ikiwa na kasi kidogo zaidi inaifikia mbele, na pande mbili zinapanda na kushuka kwa pamoja badala ya kupokezana. Ukizikaza springi za mbele tu, gari litaanza kuinama na kuinuka kwa zamu, na wa kwanza kulihisi ni waliokaa nyuma.

Bushi (vile vipande laini vinavyokaa kwenye maungio ya vyuma) za poliyurethani, plastiki iliyo ngumu kuliko raba, ziache kwa sasa. Zinafaa sehemu chache, kama vile zile zinazoishika stabilaiza, lakini kwenye kontroli amu na kwenye fremu ya nyuma zinapitisha mtetemo mdogo wa barabara ambao raba ya kawaida inaumeza. Bushi mpya za raba zinazofanana na za kiwandani zitakupa sehemu kubwa ya usahihi unaoutafuta, hasa kama za sasa zimepasuka.

Kwa mpangilio wa kazi, anza na kipimo cha mkanda kwenye fimbo, kwa kuwa hakigharimu chochote na kitakuonyesha kama kimo ndicho tatizo kubwa. Kisha rudisha rimu ndogo, hata kwa kuazima zile za zamani kama unazo, upite njia ileile na kusikia tofauti. Baada ya hapo weka shokapu mpya pamoja na springi za milimita 20 hadi 25 kwa wakati mmoja, maana kazi ya kufungua ni ileile. Mwambie fundi akaze bolti za bushi zote za raba gari likiwa limekaa kwa uzito wake, magurudumu yakiwa yamekanyaga chini au yamekanyaga jukwaa la gereji la kupandishia gari. Zikikazwa magurudumu yakining'inia, kila bushi inabaki imejisokota gari linaposhushwa, inaongeza ugumu ambao hukuununua, na inapasuka mapema. Malizia kwa kupima alaimenti (mielekeo ya magurudumu), kwa sababu kimo kimebadilika, na uelekeze taa za mbele upya. Baada ya wiki mbili hivi springi zikishakaa, pima kimo cha pembe zote nne kutoka kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi, na urudie kile kipimo cha mkanda ukiwa na wanao nyuma.